Kwapa la Kuzman

Mafuta ya nyegere yananuka hata yakiwa ndani ya chupa iliyofungwa, na Rumena aliyasikia akiwa bado kwenye ngazi na soksi zake. Akasimama. Roho ikamchafuka pale pale, saa kumi na mbili asubuhi, kabla hata ya kunywa chai. Mama mkwe wake, Bibi Velika, alikuwa keshaamka, keshawasha jiko la kuni, keshajifunga kitambaa chake cheusi, na bila shaka keshatoa ile chupa.

"Mama, tulishakubaliana," Rumena alisema akiingia jikoni. "Sitaki mafuta. Leo sitaki kabisa."

"Nani kakupa mafuta?" Bibi Velika akainua kikombe chake. "Nimekaa zangu nakunywa chai. Mtu akinywa chai kwenye nyumba yake siku hizi ni kosa?"

Kweli, alikuwa anakunywa chai. Chupa ilikuwa dirishani na kifuniko chake. Ndani yake yale mafuta yalikuwa yameganda, ya manjano, na pale chini ungeweza kuona vinywele viwili vitatu vya mnyama mwenyewe. Ptuu! Mpwa wake bibi alikuwa mwindaji, na kila vuli alimletea nyegere mzima. Bibi aliyayeyusha mafuta yake juu ya jiko siku mbili, madirisha yamefungwa ili joto lisipotee. Alijipaka kifuani akikohoa, magotini yakiuma, buti nazo alizipaka zikikauka, na Rumena alishamkuta akijipaka nywele. Hapakuwa na ugonjwa kwenye milima yote ya Pirin ambao bibi huyu hakuwa na mafuta ya kuupaka.

Na Rumena alikuwa na ugonjwa. Ulikuwa wa vidole. Baridi ikivigusa tu, vinageuka vyeupe kuanzia nchani mpaka kiungo cha pili, vyeupe kama mshumaa, havina damu wala hisia. Hilo lenyewe si baya. Ubaya unaanza damu ikirudi, maana hapo ni kama mtu amekubana vidole vyote kumi na mlango na anauegemea kwa makusudi. Daktari wa mjini alimpa vidonge vilivyompasua kichwa, kisha akamshauri akae ndani wakati wa baridi. Akae ndani! Mwanamke aliyepanda ski, zile mbao za kuteleza juu ya theluji, akiwa na miaka minne, ambaye mjini hapa hakuna mwanaume wa kumfikia kwenye mteremko, akae ndani apashe miguu!

Miaka kumi na tisa alikuwa amekaa nyuma ya dirisha la posta akigonga mihuri, na kila ving'ora vilipolia aliwaona wanaume wa kikosi cha uokoaji wakipita mbio na machela yao, wengine wakianguka hata kabla ya kufika mlimani. Mwaka jana alijaribu mtihani wao. Alipanda vizuri, fundo la kwanza la machela akafunga, la pili akafunga, la tatu vidole vikagoma. Trendafil, mkuu wa kikosi, alimwangalia kwa huruma, akaangalia saa, akasema muda umekwisha, dada Rumena. Mtu anaruhusiwa kujaribu mara mbili tu. Leo ilikuwa mara ya pili, na ya mwisho.

Akachukua glavu zake pale juu ya jiko zilipokuwa zikikaushwa, akazitia kwenye begi bila kuzitazama, akambusu mume wake Spas aliyekuwa bado amelala, akatoka.

"Mungu akutangulie, mwanangu!" Bibi Velika alipiga kelele kutoka dirishani. "Utaniambia!"

Utaniambia nini? Rumena hakuuliza.

Kuzman alikuwa anamngoja chini ya mteremko, amekaa juu ya ski zake, anakula mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye theluji. Theluji yote iliyomzunguka ilikuwa na madoa ya maganda na mate. Alimwona Rumena, akabana tundu moja la pua kwa kidole gumba, akapenga tundu la pili kwa nguvu, akafuta mkono kwenye suruali na kumnyooshea.

"Malkia wa posta! Karibu."

"Asante," Rumena alisema, akajifanya anafunga kamba ya buti.

Wacha niseme ukweli kuhusu Kuzman, kwa sababu mji mzima unaujua. Alikuwa mchunga kondoo, na uokoaji aliufanya miaka ishirini na moja. Asubuhi alikunywa supu ya utumbo yenye kitunguu saumu cha kutosha ukoo mzima, na juu yake kikombe cha rakia, pombe kali ya matunda. Sweta lake la sufu alilivaa Oktoba na kulivua Pasaka. Alisema sufu ukiifua inapoteza joto. Kwenye kikosi watu hutembea wawili wawili, kila mtu na mwenza wake, na mwenza wa mwisho wa Kuzman alimkimbia majira yaliyopita akisema afadhali afe kwenye maporomoko. Asiye na mwenza ndiye anayepewa mtahiniwa. Kwa hiyo Rumena, siku kubwa ya maisha yake, alipewa huyu.

"Umepata kifungua kinywa?" Kuzman akauliza, na harufu ya kifungua kinywa chake ikamfikia.

"Nimeshiba. Twende."

Mtihani wenyewe ulikuwa mwepesi kuueleza. Mnapanda kwa ski mpaka shingo ya mlima, kwenye pengo kati ya vilele, mwendo wa saa mbili na nusu. Huko juu Trendafil anawangoja na gogo lililovalishwa nguo, ndilo mgonjwa. Unalifunga kwenye machela kwa mafundo matatu, mikono mitupu, dakika nne. Kisha unateremka nalo. Mikono mitupu kwa sababu, alisema Trendafil, kwenye dhoruba fundo la kweli halifungwi na glavu. Mwenza haruhusiwi kugusa kamba.

Rumena akatoa ngozi za kupandia, zile zinazonata chini ya ski ili usirudi nyuma mlimani. Akavua glavu alizozivaa njiani kwa haraka, vidole vikiwa vimeanza kufa ganzi, akashika upande wenye gundi kwa vidole ili auvute vizuri, akabandika. Akabandika na ya pili. Akavaa glavu. Ni hapo ndipo aliposikia kitu. Ndani ya glavu kulikuwa na utelezi. Akatoa mkono, akaunusa.

"Mungu wangu," akasema. "Mungu wangu, yule mama!"

Bibi Velika alikuwa amepaka mafuta ndani ya glavu, kidole kwa kidole, kwa upendo, mpaka kwenye ncha. Mikono yote miwili ya Rumena ilikuwa inang'aa. Harufu ikampanda, akageuka pembeni. Akachota theluji na kujisugua, lakini mafuta ya nyegere na theluji havijuani kabisa. Yalikaa pale pale.

Kuzman alinusa hewa. "Nyegere," akasema kwa kuridhika. "Wa mwaka huu."

"Nyamaza!"

"Mimi nasifu tu, malkia. Marehemu mke wangu alikuwa anayayeyusha na majani ya mzabibu, lakini haya nayo..."

"Kuzman, nakuomba. Nyamaza, tupande."

Wakapanda. Saa ya kwanza ilikwenda vizuri, na Rumena akaanza hata kusamehe, kwa sababu vidole vilikuwa vya moto. Vilikuwa vinanuka kama zizi lenye mzoga, lakini vya moto. Saa ya pili, pale msitu unapoisha na upepo kuanza, mguu wake wa kushoto ukarudi nyuma. Akatazama. Ngozi ilikuwa imebanduka kutoka kwenye ski, inaburuzika kwenye theluji kama ulimi. Mafuta aliyoyabeba kwenye vidole yalikuwa yameingia kwenye gundi.

Alipiga ukelele ambao sitaurudia hapa. Alimtaja Bibi Velika, akamtaja mpwa mwindaji, akawataja nyegere wote wa Balkani. Kuzman alingoja amalize, akatema ganda, akampa kipande cha kamba.

"Funga. Zungusha ski na kamba, mara tatu. Itashika."

Ilibidi avue glavu. Upepo ulikuwa unapiga kutoka ng'ambo ya mlima, na mafuta yale, ambayo ndani ya glavu yalikuwa joto, nje yakawa barafu. Akafunga kushoto. Hajapiga hatua mia, kulia kukabanduka. Akafunga kulia. Kushoto kukalegea. Nusu saa nzima alikuwa amepiga magoti akifunga na kufungua, na alipomaliza akatazama mikono yake. Vidole vilikuwa vyeupe, vyote kumi.

Akavitia kwenye glavu. Mle ndani mafuta yalikuwa yameganda. Akazungusha mikono hewani kama kinu cha upepo, mara hamsini, mara mia, kwa sababu ndivyo vitabu vinavyosema. Akavipulizia. Akavitia mdomoni, akasahau mafuta, akavitoa haraka akitema. Kinyaa kilimshika mpaka machozi yakamtoka. Navyo vidole? Wala! Vilikaa pale kama vya mtu mwingine.

Walipofika juu, Trendafil alikuwa anarukaruka kwa baridi kando ya machela. Pembeni yake alisimama Metodi, daktari wa meno, kijana safi, ndevu zimekatwa kwa mstari, ananukia sabuni hata kwenye upepo ule. Mwenza wake alikuwa amehamia mji mkuu, Sofia, kwa hiyo alikuja kusaidia kupima muda.

"Mmechelewa," Trendafil alisema. "Una robo saa ya kujiandaa, dada. Ukigusa kamba, saa inaanza."

Rumena akavua glavu, akajaribu kukunja vidole. Havikukunjika. Akavigonga kwenye buti, hakusikia kitu. Fundo la tatu la mwaka jana likamjia mbele ya macho, na dirisha la posta, na mihuri.

"Njoo huku," Kuzman alisema.

Alikuwa amejikinga nyuma ya jiwe. Alikuwa amefungua zipu ya jaketi lake jekundu, anainua sweta.

"Unafanya nini?"

"Kwapani. Weka mikono kwapani, kwenye nyama. Kikosi kizima tumepashana hivi tangu zamani. Sheria imekataza kugusa kamba, kwapa haikulitaja."

Rumena alitazama. Sweta lilikuwa limesimama lenyewe kwa uchafu. Chini yake palikuwa na fulana iliyokuwa nyeupe zamani sana, na chini ya fulana ngozi, na kutoka kwenye ile nafasi ilitoka hewa ya moto yenye kondoo, utumbo, siki, kitunguu saumu na jasho la tangu Oktoba. Akarudi nyuma.

"Siwezi."

"Basi nenda kagonge mihuri," Kuzman akasema, bila ubaya.

"Kuzman, kweli siwezi. Nitatapika."

"Tapika upande ule, upepo hautokei huko. Dakika kumi zimebaki, malkia."

Alijikaza kisabuni. Akafumba macho, akaacha kupumua, akaingiza mikono. Kulia chini ya kwapa la kushoto, kushoto chini ya kwapa la kulia, akabanwa kifua kwa kifua na yule mwanaume. Nywele zilikuwa zimelowa. Mafuta ya nyegere na jasho la Kuzman vikakutana, na kitu kilichozaliwa hapo hakina jina katika lugha yoyote ninayoijua. Ilibidi hatimaye avute pumzi, na alipoivuta aliivuta yote. Tumbo likamgeuka mara mbili.

Kuzman alishtuka mwili mzima baridi ile ilipomgusa. Rumena akangoja mzaha. Mtu huyu alikuwa na mzaha kwa maiti na kwa padri, asingekosa mmoja kwa mke wa mtu aliyeng'ang'ania kwapani mwake. Mzaha haukuja. Kuzman alibana mikono yake juu ya mikono ya Rumena, akageuza uso pembeni ili pumzi yake isimfikie, akakaa hivyo akitetemeka.

Dakika ya tano damu ikarudi. Rumena aliuma kola ya jaketi jekundu ili asipige kelele. Machozi na makamasi vilimtiririka shingoni mwa Kuzman, naye hakufuta, hakusogea.

"Nalia kama mtoto," Rumena alisema akiwa ameuma meno.

"Lia. Vinauma, ndiyo dawa. Vikiuma vipo."

"Unanuka, Kuzman. Unanuka vibaya sana."

"Najua, mama. Ngoja kidogo tena."

Alipotoa mikono ilikuwa myekundu na inafuka mvuke. Akaenda moja kwa moja kwenye machela, akagusa kamba. Fundo la kwanza. La pili. La tatu vidole viliupata mzunguko, vikaingiza, vikavuta. Trendafil akavuta lile gogo huku na huku kwa nguvu zake zote, halikusogea.

"Dakika tatu na sekunde arobaini," Metodi akasema, na kutabasamu.

Kuteremka hata sisimulii. Aliteremka na machela ile kama maji, mpaka Trendafil nyuma yake akaanza kumwambia taratibu, mama, taratibu, mgonjwa wako yuko hai!

Kwenye kibanda cha kikosi chini ya mlima palikuwa na moto, na chai, na watu wote wa kikosi. Wakampigia makofi. Rumena alinawa mikono mara tatu kwa sabuni ya kufulia, akainusa. Bado. Akanawa ya nne.

"Sasa," Trendafil alisema na kugonga kikombe kwa kijiko. "Mnajua utaratibu. Mpya ndiye anayechagua mwenza, na akichaguliwa mtu hakatai. Wasio na wenza ni wawili tu."

Walikuwa Metodi na Kuzman. Na utaratibu mwingine Rumena aliujua pia, kila mtu pale ndani aliujua: asiyepata mwenza majira mawili mfululizo anaondoka kikosini, hata kama ana miaka ishirini na moja. Haya yalikuwa majira ya pili ya Kuzman. Metodi ndiyo kwanza alikuwa amebaki peke yake, alikuwa na mwaka mzima mbele yake wa kungoja.

Kuzman alikuwa amekaa karibu na mlango, ambako harufu hutoka haraka. Alikuwa anachokonoa meno kwa kijiti cha kiberiti. Hakumtazama Rumena. Ila kijiti kilisimama.

Rumena akafikiria asubuhi zote za majira haya na yajayo, mbegu za alizeti, ile pua, supu ya utumbo usoni. Akafikiria lile kwapa. Kitu kikampanda kooni kama kilivyompanda kule juu, na kabla hakijafika mdomoni alisema haraka.

"Metodi."

Hakuna aliyeshangaa, na hilo ndilo lililomuuma kwanza. Mmoja akasema safi. Metodi akainua kikombe. Trendafil alitazama sakafu.

"Amechagua vizuri," Kuzman alisema. "Yule ana mikono safi."

Akasimama, akafungua zipu. Kikosi kilikuwa na majaketi mekundu kumi na mawili, na la kumi na tatu halikuwahi kununuliwa. Anayetoka humvulia anayeingia. Kuzman alitoa mifukoni kisu, filimbi na mbegu zake, akavihamishia kwenye suruali, akavua mkono mmoja, kisha wa pili. Bila lile jaketi alionekana mdogo, mzee mmoja tu mwenye sweta chafu. Akamnyooshea Rumena.

"Zipu inakwama hapa chini. Ivute polepole, usilazimishe."

Wote walikuwa wanangoja, basi akalivaa. Lilikuwa la moto bado. Moto wote wa Kuzman ulikuwa mle ndani, na vidole vya Rumena, ambavyo vilikuwa vimeanza tena kufa kwa maji ya kunawia, vikapata joto mara moja bila maumivu yoyote. Watu wakapiga makofi. Kuzman naye akapiga, kisha akafungua mlango, akatoka na sweta lake, akashika njia ya zizini.

Rumena akatoka nyuma yake. Hakufika mbali. Alishika ukuta wa kibanda, akainama, akatapika kwenye theluji, chai na kila kitu.

Metodi akamfuata na kitambaa safi kilichokunjwa. "Pole, pole. Tutalipeleka kwa dobi," akamwambia. "Ni harufu?"

"Si harufu," Rumena akasema.